Picha ya ubongo na safari ya kupona kwa kijana aliyeumia kichwa

KIJANA akiumia kichwa katika ajali, swali ambalo ndugu zake huuliza siku hizi kabla ya mengine yote ni moja: amepigwa CT scan? Majibu yakirudi yakieleza kuwa hakuna damu iliyovuja wala ufa katika fuvu, familia hushusha pumzi, mgonjwa huruhusiwa na watu huamini kuwa yamekwisha.

Kwa wengi huwa yamekwisha kweli. Wapo, hata hivyo, vijana ambao wiki au miezi baadaye huanza kubadilika. Aliyekuwa akiongoza darasani hushuka hadi mkiani. Fundi aliyekuwa makini husahau vifaa vyake na kushindwa kumaliza kazi. Mpole huwa na hasira za ghafla. Wazazi hudhani ni utundu wa ujana, walimu huona uvivu, na majirani hawakosi kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu.

Tafiti za picha za ubongo zilizofanyika katika miongo ya karibuni zimeonyesha kuwa kuna maswali mawili tofauti juu ya kichwa kilichoumia. La kwanza ni la siku ya ajali: je, maisha yako hatarini? La pili ni la miezi inayofuata: je, ubongo unapona? Picha inayojibu swali la kwanza haijibu la pili, na kutolijua hilo kumewagharimu vijana wengi masomo na ajira.

Mgololo na umbali wa hospitali

Suala hili lina uzito wa pekee kwa maeneo kama Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Eneo hilo lilipata jina nchini kutokana na kiwanda cha karatasi kilichojengwa miaka ya 1980 chini ya kampuni ya Southern Paper Mills, ambacho baada ya ubinafsishaji kimekuwa kikiendeshwa na Mufindi Paper Mills.

Mgololo imezungukwa na misitu ya kupandwa, na uchumi wake na wa vijiji jirani hutegemea miti. Wapo wakata miti, wapakiaji wa magogo, madereva wa malori na vijana wa bodaboda wanaowabeba watu hao wote katika njia zenye milima, ukungu na utelezi wa mvua. Hizo ni kazi za vijana, na ndizo kazi ambazo kichwa huwa hatarini: mti huanguka vibaya, gogo huteleza, pikipiki huacha njia.

Barabara ya kutoka Mafinga kupitia Mtwango hadi Mgololo ina urefu wa kilomita 81. Mkataba wa kuijenga kwa lami ulisainiwa Juni 2023 pamoja na mikataba ya barabara nyingine kubwa nchini. Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kilomita nyingine 80 hivi. Mgonjwa anayehitaji huduma za juu zaidi hupelekwa Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam.

Kwa majeraha mengine safari hiyo ni usumbufu tu, lakini kwa jeraha la kichwa inaweza kuamua nani anaishi.

Picha ya kwanza: kutafuta damu

Fuvu la kichwa ni sanduku gumu lisilotanuka. Ndani yake kuna ubongo wenye uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa mtu mzima, maji maalumu yanayouzunguka, na damu ipitayo katika mishipa. Mshipa ukipasuka na damu kuanza kukusanyika, hakuna nafasi ya ziada ya kuihifadhi. Bonge la damu linapokua, ubongo hubanwa na hatimaye husukumwa kuelekea chini, mahali pa sehemu zinazoongoza kupumua na mapigo ya moyo.

Moja ya aina za uvujaji huo ni maarufu kwa kuwahadaa watu. Damu hukusanyika kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo, mara nyingi baada ya mpasuko wa fuvu karibu na sikio. Mgonjwa anaweza kupoteza fahamu kwa muda, akazinduka, akazungumza na hata kuomba arudi nyumbani. Saa chache baadaye huanza kuumwa kichwa, kutapika, kusinzia na kisha kuzimika. Akifikishwa kwa daktari wa upasuaji mapema, damu huondolewa na nafasi yake ya kupona huwa kubwa. Akichelewa, hufa kwa ugonjwa uliokuwa na tiba.

Hapo ndipo CT scan inapohitajika. Mashine hiyo hupiga eksirei nyingi kuzunguka kichwa, kisha kompyuta huziunganisha na kutoa picha ya ubongo kama uliokatwa vipande vyembamba. Damu mbichi huonekana nyeupe. Kazi yote huchukua dakika chache.

Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo alihudumiwa Oktoba 1, 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London. Mvumbuzi wake, mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini. Cormack alikuwa ameanza kulifikiria suala hilo katika miaka ya 1950, alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town.

Kabla ya picha, daktari au muuguzi hupima kiwango cha fahamu kwa kipimo kilichobuniwa mjini Glasgow, Scotland, na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Mgonjwa hupewa alama kwa namna anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Alama ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Mwenye 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, na 8 kushuka chini ni kubwa. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala fedha, na hufanyika hata katika zahanati.

Si kila mtoto aliyegonga kichwa anahitaji CT scan. Eksirei zake ni nyingi, na mwili unaokua huathirika nazo zaidi kuliko wa mtu mzima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watoto na vijana 42,412 walio chini ya miaka 18 waliofikishwa katika hospitali za Marekani wakiwa na fahamu kamili au karibu kamili. Chini ya mmoja katika kila 100 ndiye aliyekuwa na jeraha la kuhatarisha maisha au kuhitaji matibabu mazito. Tangu hapo madaktari wengi hutumia orodha ya dalili kuamua nani apigwe picha na nani aangaliwe kwa saa kadhaa.

Picha safi, ubongo ulioumia

Ubongo haukuundwa kwa nyama ya aina moja. Tabaka la nje lina chembe zinazofikiri na kuamuru, na chini yake kuna nyuzi ndefu za neva, mfano wa nyaya za simu, zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Kichwa kinaposimama ghafla au kuzungushwa kwa nguvu, kama inavyotokea kwa mtu aliyerushwa kutoka kwenye pikipiki, tabaka hizo husogea kwa kasi tofauti. Nyuzi huvutwa, hujikunja na baadhi hukatika.

Jeraha la namna hiyo laweza lisimwage damu ya kutosha kuonekana. Hivyo CT scan huonyesha ubongo uliotulia, ilhali mawasiliano ya ndani yamevurugika.

MRI, ambayo hutumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya eksirei, huona zaidi. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 2013 kuwa, miongoni mwa wagonjwa wenye jeraha dogo la kichwa ambao CT scan yao haikuonyesha kasoro, asilimia 27 walikutwa na kasoro walipopigwa MRI katika wiki za mwanzo. Kwa maneno mengine, zaidi ya mmoja katika kila wanne walioambiwa picha yao ni safi walikuwa na alama ya jeraha.

Ipo pia aina ya MRI inayofuatilia namna maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Katika uzi mzima wa neva, maji hufuata mkondo wa uzi huo. Uzi ukichakaa, maji hutawanyika ovyo. Mbinu hiyo, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, imewawezesha watafiti kuchora ramani ya nyuzi za ubongo wa mtu aliye hai na kuona zilikolegea.

Ubongo ambao haujakomaa

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kuwa mtoto hupona jeraha la ubongo vizuri kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake ni laini na sehemu moja yaweza kuchukua kazi ya nyingine. Imani hiyo ina ukweli, lakini si wote.

Picha za MRI zilizopigwa kwa watoto wale wale mwaka baada ya mwaka zimeonyesha kuwa ubongo hukomaa kwa hatua. Sehemu za nyuma, zinazohusika na kuona na kusogeza viungo, hutangulia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, huwa ya mwisho, na huendelea kukomaa hadi kijana anapovuka miaka 20. Sehemu hiyo ndiyo inayosimamia kupanga mambo, kujizuia, kuvuta subira na kupima hatari. Pia ni miongoni mwa sehemu zinazoumia mara nyingi katika ajali, kwa kuwa hugongana na kingo ngumu za fuvu.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka 10 anaweza kuumia sehemu ambayo hajaanza kuitumia kikamilifu. Anaporudi shuleni huonekana mzima. Pengo hujitokeza akifika sekondari, masomo yanapodai mpangilio na rafiki zake wanapokomaa kitabia huku yeye akibaki nyuma. Wakati huo hakuna anayekumbuka ajali ya miaka mitano iliyopita.

Kwa nini wawili hawaponi sawa

Jambo lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi ni kwamba vijana wawili wenye umri sawa, walioumia kwa namna inayofanana, huweza kupona tofauti kabisa. Mmoja hurudi katika hali yake, mwingine huendelea kudhoofika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Emily Dennis na Robert Asarnow, walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoangazia fumbo hilo. Waliwachunguza vijana wa miaka 8 hadi 18 waliopata majeraha ya kati na makubwa, miezi michache baada ya ajali na tena baada ya mwaka mmoja hivi.

Pamoja na MRI, walitumia kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo kwa vifaa vinavyobandikwa kichwani, kupima muda ambao taarifa hutumia kuvuka kutoka nusu moja ya ubongo kwenda nusu ya pili. Takriban nusu ya majeruhi walikuwa na mwendo wa kawaida, na picha zao zilielekea kufanana na za vijana ambao hawakuumia. Waliobaki walikuwa na mwendo wa polepole. Kwa hao, nyuzi za ubongo hazikuwa tu zimeumia, bali ziliendelea kuharibika miezi mingi baada ya jeraha, na uwezo wao wa kufikiri ulikuwa chini.

Kundi lililochunguzwa lilikuwa dogo, hivyo matokeo hayo hayajawa kanuni ya tiba. Uzito wake ni katika kuonyesha kuwa jeraha la kichwa kwa baadhi ya vijana si tukio la siku moja, bali ni ugonjwa unaoendelea. Aidha, yanaashiria kuwa kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho gharama yake ni ndogo mno kuliko ya MRI, siku moja kinaweza kusaidia kuwatambua mapema wanaohitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Wanaosikia lakini hawajibu

Uwezo wa picha za ubongo ulionekana kwa namna ya kushangaza mwaka 2006. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Adrian Owen, walimchunguza mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani mwaka uliotangulia. Alikuwa akifumbua macho lakini hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua.

Akiwa ndani ya mashine ya MRI inayofuatilia mtiririko wa damu wakati ubongo unafanya kazi, aliombwa awazie anacheza tenisi, kisha awazie anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Sehemu za ubongo zilizoamka kila mara zilikuwa zile zile zinazoamka kwa watu wazima wa afya. Alikuwa akisikia na kuelewa.

Mwaka 2024, utafiti uliohusisha vituo kadhaa vya kimataifa uliripoti kuwa kati ya wagonjwa 241 wasioweza kuitikia amri kwa mwili, 60, sawa na mmoja katika kila wanne, waliitikia kwa ubongo walipopimwa kwa MRI au EEG. Kwa familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, mafunzo yake ni mepesi kutekeleza: azungumzwe naye kwa heshima, na yasisemwe mbele yake yale ambayo wasingependa ayasikie.

Hali ilivyo nchini

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndicho chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tanzania haimo nje ya hali hiyo, hasa baada ya bodaboda kurasimishwa kwa kanuni za mwaka 2010 na kuwa ajira ya vijana mijini na vijijini.

Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, daftari maalumu la majeruhi wa kichwa lililoandaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani lilikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 3,000 kati ya mwaka 2013 na 2017. Wengi walikuwa wanaume vijana, na ajali za barabarani ndizo zilizokuwa chanzo kikuu. Kwa kuwa picha zilikuwa adimu, watafiti walitumia taarifa hizo kutengeneza programu ya kompyuta inayokadiria hatma ya mgonjwa kwa kutumia mambo ambayo muuguzi anaweza kuyapima, yakiwemo kiwango cha fahamu na mboni za macho.

Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini. Tangu mwaka 2008 imekuwa ikishirikiana na Chuo cha Tiba cha Weill Cornell cha New York katika mafunzo ya madaktari na uboreshaji wa huduma za wagonjwa mahututi. Huduma za upasuaji wa ubongo zimekuwa zikisogezwa pia katika hospitali nyingine, ikiwemo Benjamin Mkapa ya Dodoma. Barabara ya lami ya kilomita 260 kutoka Iringa hadi Dodoma imeifanya hospitali hiyo kuwa karibu zaidi kwa wakazi wa Iringa kuliko ile ya Dar es Salaam.

Hatua kubwa zaidi ilianza Oktoba 2021, Serikali ilipozindua matumizi ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kununua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kabla ya hapo, mgonjwa wa mkoani alilazimika kusafirishwa hadi hospitali za kanda, ya taifa au za binafsi ili kupata picha ambayo sasa inatarajiwa kupatikana ngazi ya mkoa.

Kwa hiyo swali la kwanza, lile la siku ya ajali, linaanza kupata jibu karibu na wananchi. La pili bado. MRI ni chache na hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Wataalamu wa saikolojia ya ubongo, wa kurekebisha usemi na wa kumfundisha upya mgonjwa kazi za kila siku ni adimu. Karatasi ya kumruhusu mgonjwa humtaka arudi kuangaliwa kidonda, na kidonda kikikauka mahudhurio hukoma.

Sumaku ndogo ya Mbarara

Jitihada za kupunguza gharama ya picha hizo zinaendelea katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 2022, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, akiwemo Johnes Obungoloch, walishirikiana na wenzao wa Uholanzi kuunganisha mashine ndogo ya MRI papo hapo chuoni kutoka vipande vilivyosafirishwa kwenye makasha. Kazi hiyo ilichukua siku 11.

Sumaku yake ni dhaifu makumi ya mara kuliko ya MRI ya kawaida, na picha zake hazina ung'avu ule ule. Kwa upande mwingine, haihitaji gesi ya kuipoza, chumba maalumu cha gharama kubwa wala umeme mwingi, na inaweza kutengenezwa na mafundi waliofundishwa nchini. Lengo la awali lilikuwa watoto wenye vichwa maji. Mashine za aina hiyo zikiimarika, hospitali za mikoa zinaweza kuwa na njia ya kumpiga kijana picha ya pili na ya tatu bila kumsafirisha.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Kwa sasa, macho ya walio karibu na kijana ndiyo kipimo kinachopatikana kila mahali. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, aliyeumia kichwa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja iwapo ataonyesha mojawapo ya mambo haya:

- kutapika mara kwa mara au kuumwa kichwa kunakozidi;
- kusinzia isivyo kawaida au kushindwa kuamshwa;
- degedege, au udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja;
- mboni za macho kutofautiana ukubwa;
- kutokwa damu au maji mepesi puani au masikioni;
- kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kubadilika tabia ghafla.

Harufu ya pombe isiwe sababu ya kumwacha mtu alale. Majeruhi wengi wa barabarani huwa wamekunywa, na usingizi wa ulevi hufanana na ule wa ubongo unaobanwa na damu.

Wakati wa kumsafirisha, shingo isitikiswe, njia ya hewa iwe wazi na damu ya nje izuiwe kwa kitambaa safi. Ukosefu wa hewa na kupungua kwa damu mwilini huongeza madhara ya ubongo uliokwisha kuumia. Kituo cha afya kilicho njiani kisirukwe kwa haraka ya kufika mjini, kwani hapo mgonjwa anaweza kupewa oksijeni na maji ya mshipa.

Kituo hicho kinaweza pia kuwa na dawa ya kupunguza uvujaji wa damu iitwayo tranexamic acid. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 ulionyesha kuwa dawa hiyo huokoa maisha ya baadhi ya wenye majeraha madogo na ya kati, mradi itolewe ndani ya saa tatu. Uamuzi wa kuitumia ni wa daktari.

Kurudi shuleni na kazini

Baada ya mtikisiko wa ubongo, ushauri wa zamani wa kumfungia mgonjwa katika chumba chenye giza kwa wiki nzima umeachwa. Makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yanapendekeza mapumziko ya siku moja au mbili, kisha kurudi taratibu katika shughuli nyepesi, kupunguza muda wa kutazama simu na televisheni katika siku hizo za mwanzo, na kuongeza kazi kadiri dalili zinavyopungua. Masomo hutangulia, michezo ya kugongana hufuata mwishoni kwa idhini ya daktari. Kichwa kinachogongwa mara ya pili kabla hakijapona hupata madhara makubwa kuliko mara ya kwanza.

Watoto na vijana wengi hupona ndani ya mwezi mmoja. Anayeendelea kuumwa kichwa, kusahau, kukosa usingizi au kuwa na hasira baada ya hapo arudishwe hospitali, na daktari aelezwe wazi kuhusu ajali hata kama ni ya zamani. Kwa majeraha makubwa, maendeleo huwa ya kasi katika miezi sita ya mwanzo na yanaweza kuendelea kwa miaka miwili au zaidi.

Shuleni, mwalimu aliyeambiwa kuhusu ajali anaweza kumpa mwanafunzi muda zaidi wa mtihani, kumketisha mbele na kumgawia kazi kwa vipande vifupi. Asiyeambiwa atamwadhibu.

Kazini, jeraha la kichwa linaangukia katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo huhudumia matibabu, ulemavu na marekebisho ya afya kwa aliyeumia akiwa katika ajira. Ni muhimu ajali itolewe taarifa hata kama mfanyakazi alisimama na kuendelea na kazi siku hiyo, kwa kuwa athari za ubongo huweza kujitokeza baadaye na bila taarifa ya awali inakuwa vigumu kuzihusisha na ajali.

Vibarua wa siku misituni na vijana wa bodaboda waliojiajiri, ambao wengi hawana mwajiri wa kuwachangia katika mfuko huo, hubaki wakitegemea bima ya afya kama wanayo, na ndugu. Kwao kofia ngumu iliyofungwa vizuri kidevuni, kwa dereva na kwa abiria pia, ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Familia inayomrudisha kijana nyumbani kutoka hospitali inashauriwa kutunza picha zake na karatasi ya matibabu, kuandika tarehe ya ajali na muda aliokuwa amepoteza fahamu, na kumuuliza daktari kabla ya kuondoka: arudi lini kupimwa ubongo, si kidonda tu? Kumbukumbu hizo ndizo daktari atakazozihitaji iwapo kijana huyo ataanza kubadilika mwaka mmoja au mitano baadaye.